Saratani ya Ngozi au Athari Kali za Dawa: Ulinganisho kwa Anayechagua Uwanja wa Utafiti

Daktari anayekaribia kumaliza masomo ya ubingwa wa ngozi, na ambaye hataki kazi yake iishie kliniki peke yake, mara nyingi hujikuta akipima nyanja mbili za utafiti ambazo kwa nje zinafanana. Ya kwanza ni saratani ya ngozi, yaani melanoma, inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi, pamoja na saratani za seli basali na za seli bapa ambazo ndizo nyingi zaidi. Ya pili ni athari kali za dawa kwenye ngozi. Humo mna sindromu ya Stevens-Johnson, mna ugonjwa wa Lyell ambao ni namna kali zaidi ya sindromu hiyo, na katika zote mbili tabaka la juu la ngozi hufa na kubanduka, na mna DRESS, ambayo huanza kwa homa na vipele kisha ikashambulia ini, figo au moyo. Nyanja zote mbili hutumia hadubini ileile na maabara ileile ya kinga ya mwili, na mara nyingine huwa hata na msimamizi yuleyule.

Mfanano huo unapotosha. Katika saratani ya ngozi, tiba imetangulia mbali, ilhali ushahidi kwamba kuwakagua watu wasio na dalili huokoa maisha bado unabishaniwa. Katika athari za dawa mambo yako kinyume: vipo vipimo vya kuzuia vilivyothibitishwa kwa tafiti nzuri sana, lakini mgonjwa ambaye ngozi yake imekwisha kuanza kubanduka hana hata dawa moja ambayo wataalamu wote wanakubaliana kuwa inamsaidia. Kwa maoni yangu, anayechagua afadhali aanze na tofauti hii, kwa kuwa ndiyo itakayoamua atashughulika na maswali gani kwa miaka mingi ijayo. Sifa ya idara au ukubwa wa ruzuku ni mambo ya baadaye.

Wingi wa wagonjwa, na maana yake kwa mtafiti

Mwaka 2022 melanoma iligunduliwa kwa watu wapatao 330,000 duniani, na karibu 60,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Saratani za seli basali na seli bapa ni nyingi kuliko hapo, na nchi nyingi hata hazizihesabu kikamilifu. Sindromu ya Stevens-Johnson na ugonjwa wa Lyell, kwa upande mwingine, huwapata watu wachache tu kati ya kila milioni kwa mwaka. Hospitali kubwa ya rufaa inaweza kupitisha miezi bila kupokea mgonjwa hata mmoja, kisha ikapokea wawili katika wiki moja.

Tofauti hii ya idadi hubadilisha kila kitu katika namna ya kufanya kazi. Jaribio la CheckMate 067, lililolinganisha dawa mbili za kinga katika melanoma iliyosambaa, liliwagawa wagonjwa 945 kwa nasibu. Jaribio maarufu la thalidomaidi katika ugonjwa wa Lyell, lililochapishwa mwaka 1998, lilikuwa na wagonjwa 22, nalo lilihitaji vituo kadhaa kuwapata hao. Ndiyo sababu uwanja wa athari za dawa umejengwa juu ya rejista za kimataifa. RegiSCAR, ambayo uratibu wake uko Freiburg nchini Ujerumani, hukusanya wagonjwa kutoka nchi mbalimbali, huhifadhi damu na vipande vya ngozi, na kila mgonjwa hupitiwa na jopo la wataalamu wasiojua alitumia dawa gani. Bila utaratibu wa namna hiyo uwanja huu ungebaki kuwa mkusanyiko wa visa vya mgonjwa mmojammoja.

Uchache huo unahusu wastani wa watu wote, na wastani huficha mengi. Kwa watu wanaoishi na VVU hatari hupanda sana. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa ikitumika sana dhidi ya kifua kikuu, ilileta athari za ngozi kwa takriban asilimia 20 ya wagonjwa wenye VVU, ikilinganishwa na asilimia 1 hivi ya wasio na VVU. Baadhi ya waliopatwa walikufa. Shirika la Afya Duniani baadaye likashauri dawa hiyo isitumiwe kwa wagonjwa wenye VVU. Kazi hiyo inaonyesha jambo ambalo mtafiti kijana hulisahau kwa urahisi: swali lililoulizwa mahali ambapo ugonjwa umejikusanya halihitaji maelfu ya washiriki ili lijibike.

Tiba: hapa saratani imeshinda waziwazi

Kabla ya mwaka 2010, nusu ya wagonjwa wenye melanoma iliyosambaa walikuwa wakifa ndani ya mwaka mmoja hivi, na hakuna dawa iliyokuwa imeonyesha katika jaribio la nasibu kwamba inarefusha maisha yao. Mabadiliko yalianzia maabara. Mwaka 2002 watafiti waligundua kwamba karibu nusu ya melanoma zina badiliko katika jeni ya BRAF, badiliko linaloiamuru seli igawanyike bila kukoma. Miaka tisa baadaye, mwezi Agosti 2011, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vemurafenibu, kidonge kinachozuia protini hiyo iliyoharibika. Miezi michache kabla yake, mwezi Machi, ilikuwa imeidhinisha ipilimumabu, kingamwili inayoondoa breki ya CTLA-4 kwenye chembe T, askari wa kinga ya mwili, ili zishambulie uvimbe. Kufikia mwisho wa 2014 zilikuwa zimeidhinishwa pia pembrolizumabu na nivolumabu, zinazoondoa breki ya PD-1, na mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo wakapewa Tuzo ya Nobeli kwa ugunduzi uliozaa dawa hizo.

Matokeo ya miaka 10 ya CheckMate 067 yanastahili kusomwa kwa makini na yeyote anayefikiria uwanja huu. Katika kundi lililopewa nivolumabu pamoja na ipilimumabu, asilimia 43 walikuwa hai baada ya miaka 10. Waliopewa nivolumabu peke yake walikuwa asilimia 37, na waliopewa ipilimumabu peke yake asilimia 19. Katika ugonjwa ambao zamani ulihesabiwa kwa miezi, hizi ni takwimu za ajabu. Kundi la dawa mbili, hata hivyo, lilipata madhara makali kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, na zaidi ya nusu vilevile hawakufika mwaka wa kumi. Kwa hiyo kazi haijaisha. Kilichobadilika ni aina ya swali, kwa kuwa leo watafiti huuliza ni nani atakayenufaika, dawa zitangulie upasuaji au zifuate, na kwa nini uvimbe uliosinyaa hurudi.

Saratani nyingine za ngozi zimefuata njia hiyohiyo. Jeni ya PTCH1, iliyotambuliwa mwaka 1996 kupitia familia zenye sindromu ya Gorlin, ugonjwa wa kurithi unaoleta saratani nyingi za seli basali, ilizaa vismodegibu ya mwaka 2012 kwa saratani ya seli basali isiyoweza kukatwa. Semiplimabu ikaidhinishwa mwaka 2018 kwa saratani ya seli bapa. Na virusi vilivyogunduliwa mwaka 2008 ndani ya saratani adimu ya ngozi iitwayo ya Merkel viliwapa wanasayansi sababu nzuri ya kujaribu kinga tiba dhidi yake.

Ushindi huu una gharama kwa mtafiti chipukizi. Majaribio makubwa huongozwa na kampuni za dawa na vituo vyenye majina, na daktari kijana anayejiunga nayo anaweza kutumia miaka akijaza fomu za wagonjwa bila kuuliza swali lililo lake mwenyewe. Nafasi yake halisi iko katika kazi ndogo zinazochomoza pembeni: sampuli za wagonjwa ambao dawa haikuwasaidia, uvimbe wa nyayo na chini ya kucha ambao majaribio mengi yaliugusa kidogo tu, au matatizo ya wazee waliopandikizwa figo ambao kinga yao imedhoofishwa makusudi.

Tukigeukia athari za dawa, hadithi ya tiba ni ya unyenyekevu. Albert Stevens na Frank Johnson walieleza wavulana wawili mjini New York mwaka 1922. Alan Lyell, daktari Mskoti, akaeleza wagonjwa wanne mwaka 1956. Tangu wakati huo kitu kilichookoa maisha kwa uhakika zaidi ni kuitambua dawa iliyosababisha ugonjwa na kuiacha mara moja, pamoja na uuguzi wa hali ya juu katika chumba cha wagonjwa mahututi au kitengo cha majeraha ya moto: maji ya mwilini, joto la chumba, kinga dhidi ya maambukizi, na uangalizi wa macho ambao usipofanywa mapema huacha upofu. Hatari ya kifo hupimwa kwa SCORTEN, alama saba zilizochapishwa mwaka 2000, zikiwamo umri, mapigo ya moyo, eneo la ngozi lililobanduka na kiwango cha urea katika damu. Katika kazi iliyoianzisha, wenye alama 0 au 1 walikufa kwa asilimia 3 hivi, na wenye alama 5 au zaidi kwa asilimia 90.

Dawa za kuuzima ugonjwa wenyewe zimejaribiwa nyingi, na historia yake inafundisha tahadhari. Thalidomaidi ilichaguliwa kwa hoja iliyoonekana safi, kwamba ingepunguza TNF, kemikali ya kinga ya mwili inayochochea ngozi kuvimba, nayo hupatikana kwa wingi katika malengelenge ya wagonjwa hawa. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati: kati ya 12 waliopewa thalidomaidi walikufa 10, na kati ya 10 waliopewa dawa bandia walikufa 3. Kila anayedhani kwamba ugonjwa wa kutisha kiasi hiki hauhitaji kundi linganishi afadhali arudie namba hizo. Mwaka huohuo wa 1998, timu iliyokuwa Geneva ilieleza kwamba seli za ngozi hujiua kupitia njia ya Fas, yaani ishara inayoiamuru seli ife, na kwamba kingamwili za kudunga mishipani huweza kuizuia. Hospitali nyingi zilizikumbatia, kisha tafiti zilizofuata zikatoa matokeo yanayopingana. Steroidi zina watetezi na wapinzani hadi leo. Siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ilionyesha dalili nzuri mwaka 2010 katika utafiti wa wagonjwa 29 usio na kundi linganishi. Etanaseputi, ambayo huzuia TNF, ililinganishwa na steroidi katika jaribio la Taiwan lililochapishwa mwaka 2018, lenye wagonjwa 96, na ngozi ilipona haraka zaidi kwa waliopewa etanaseputi.

Kisha ukaja mwaka 2024. Kundi lililoongozwa na Matthias Mann wa Taasisi ya Max Planck pamoja na Lars French, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa watafiti wa kazi ya Geneva miaka 26 kabla, lilipima maelfu ya protini ndani ya seli mojamoja za ngozi iliyohifadhiwa kwa nta na kugundua kwamba njia ya JAK na STAT, protini zinazopeleka ishara za kinga ndani ya seli, imewaka kupita kiasi. Wagonjwa saba nchini China walipewa dawa za kuzuia JAK na wote wakapona. Saba si jaribio, na baada ya thalidomaidi hakuna anayepaswa kuwaita hao uthibitisho. Hata hivyo, naona hapa ndipo uwanja huu unapovutia kuliko wakati wowote uliopita: nadharia nzuri ipo, dawa tayari ziko sokoni kwa magonjwa mengine, na jaribio linalostahili jina hilo ndilo linalosubiriwa. Mtafiti anayeingia sasa anaweza kuwa miongoni mwa watakaolijibu swali.

Kuzuia: hapa mizani inageuka

Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waliwapima wagonjwa 44 wa asili ya Kihan waliopata sindromu ya Stevens-Johnson kutokana na kabamazepini, dawa ya kifafa. Wote 44 walikuwa na aina moja ya jeni ya kinga, HLA-B*15:02. Kati ya waliotumia dawa hiyo bila madhara ni asilimia 3 tu waliokuwa nayo. Mwaka uliofuata kundi hilohilo lilionyesha uhusiano wa namna hiyo kati ya alopurinoli, dawa ya jongo, na HLA-B*58:01. Uhusiano wenye nguvu kiasi hiki kati ya jeni moja na ugonjwa ni nadra sana katika tiba.

Hatua ya pili ndiyo iliyoutofautisha uwanja huu na nyingine nyingi zinazoahidi vipimo vya jeni. Watafiti hawakuridhika na uhusiano. Walijaribu kama kupima kunazuia ugonjwa. Nchini Taiwan watu 4,877 waliotarajiwa kuanza kabamazepini walipimwa, asilimia 7.7 waliokuwa na HLA-B*15:02 wakapewa dawa nyingine au wakaendelea na ile waliyokuwa nayo, na kati ya waliobaki hakuna hata mmoja aliyepata Stevens-Johnson wala Lyell, ilhali takwimu za zamani zilitabiri wagonjwa 10 hivi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Miaka mitatu kabla yake, jaribio la PREDICT-1 lilikuwa limewagawa kwa nasibu wagonjwa 1,956 wenye VVU kutoka nchi 19 ili kupima HLA-B*57:01 kabla ya kuwapa abakaviri, dawa ya VVU. Athari inayoletwa na abakaviri ni ya mwili mzima na si ya kubanduka ngozi, lakini funzo ni lilelile: athari zilizothibitishwa kwa kipimo cha ngozi zilikuwa asilimia 2.7 katika kundi ambalo halikupimwa mapema, na hazikuwapo kabisa katika kundi lililopimwa.

Mafanikio haya yana mipaka ambayo mtafiti anapaswa kuijua kabla hajavutiwa. Watu wengi wenye HLA-B*15:02 wangeweza kumeza kabamazepini bila kudhurika, kwa hiyo kipimo huwanyima dawa watu wengi ili kumwokoa mmoja. Hong Kong ilipoanza kupima mwaka 2008, visa vya kabamazepini vilipungua sana, lakini jumla ya visa vinavyotokana na dawa za kifafa haikushuka, kwa sababu madaktari walihamia dawa nyingine, hasa fenitoini, ambayo nayo ina hatari yake. Matokeo hayo, kwa maoni yangu, yanafaa kusomwa na kila anayejifunza kuzuia magonjwa kwa vipimo vya jeni, na yanaonyesha kwamba uwanja huu unahitaji watu wa epidemiolojia na wa sera za dawa kama unavyohitaji watu wa maabara.

Kwa saratani, kuzuia kuna jaribio moja linalosimama peke yake. Katika mji wa Nambour nchini Australia, watu 1,621 waligawanywa kwa nasibu kati ya 1992 na 1996, baadhi wakapewa losheni ya kukinga jua ili waipake kila siku na wengine wakaachwa waitumie wapendavyo. Saratani ya seli bapa ilipungua kwa asilimia 40 hivi, na ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2011 ulihesabu melanoma mpya 11 katika kundi la losheni dhidi ya 22 katika kundi jingine. Hadi leo ndiyo kazi inayotajwa kila mjadala wa losheni unapozuka, na hilo lenyewe linaonyesha jinsi majaribio ya namna hiyo yalivyo machache.

Ukaguzi wa ngozi kwa watu wenye afya umekuwa mgumu zaidi kuthibitisha. Mpango wa majaribio katika jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, mwaka 2003 na 2004 uliwakagua watu wapatao 360,000, na kwa miaka michache vifo vya melanoma vilishuka kwa karibu nusu. Ujerumani ikaanzisha ukaguzi wa nchi nzima mwaka 2008 kwa kila mwenye umri wa miaka 35 na zaidi. Baadaye vifo katika jimbo lile vilipanda tena hadi karibu na vilipokuwa, na mpango wa nchi nzima haukuonyesha upungufu uliotarajiwa. Jopo la Marekani linaloshauri juu ya kinga ya magonjwa lilisema mwaka 2023 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza au kupinga ukaguzi huo. Nyuma ya mabishano hayo liko tatizo zito: melanoma nyembamba zinazogunduliwa zimeongezeka mno kuliko vifo, na huenda sehemu yake isingemdhuru mtu kamwe. Anayependa maswali ya namna hiyo, ambayo huhitaji takwimu nyingi na uvumilivu wa kupingwa hadharani, atapata kazi tele katika saratani.

Akili mnemba nayo imo humu. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walifunza programu kwa picha 129,450 na kuonyesha kwamba iliweza kutofautisha baadhi ya saratani kwa kiwango cha madaktari bingwa 21 waliolinganishwa nayo. Tangu hapo machapisho yamefurika. Mengi yanarudia jambo lilelile kwa picha tofauti, na nisingemshauri mtu aingie hapo bila swali la kliniki analolijua vizuri.

Ngozi nyeusi na watu waliosahaulika

Katika nyanja zote mbili, maarifa mengi yametoka kwa watu wachache wa dunia. Picha zilizofunza programu za saratani ni za ngozi nyeupe kwa sehemu kubwa, na programu hizo zimeonyesha udhaifu zinapojaribiwa kwenye ngozi nyeusi. Melanoma kwa watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua si kisababishi kikuu, kwa hiyo ushauri wa losheni haumgusi mgonjwa wa aina hiyo. Watu wenye ualbino wana hali tofauti kabisa, kwani kwao jua ndilo adui na saratani ya seli bapa huwaanza mapema sana maishani.

Katika athari za dawa, pengo hili lina sura ya kijenetiki. HLA-B*15:02 ni ya kawaida Kusini-mashariki mwa Asia lakini ni nadra sana kwa Waafrika na Wazungu, kwa hivyo kipimo cha Taiwan hakisafiri kirahisi. Kazi iliyofanyika Malawi na kuchapishwa mwaka 2013 ilihusisha HLA-C*04:01 na athari kali za nevirapini, dawa ya VVU, jambo ambalo lisingeonekana kama swali lingeachiwa Ulaya na Asia pekee. Nikilinganisha, naona mtafiti anayefanya kazi kati ya watu ambao jeni zao hazijachunguzwa sana ana nafasi kubwa zaidi ya kugundua kitu kipya katika athari za dawa, kwa kuwa vipimo vya HLA vinafanyika kwa damu kidogo na hata wagonjwa 30 waliochunguzwa vizuri, wakilinganishwa na waliovumilia dawa ileile, huweza kuonyesha uhusiano ulio mkubwa. Melanoma ya nyayo nayo inahitaji watu, ila huhitaji uvimbe, upasuaji, hifadhi ya baridi kali na ufuatiliaji wa miaka.

Saa na moyo wa kazi yenyewe

Melanoma hupimwa kwa miaka. Mwanafunzi wa uzamivu anaweza kuhitimu kabla wagonjwa wake hawajafikia matokeo anayoyatafuta, na mara nyingi hutumia data alizozikuta. Athari za dawa hujibiwa kwa siku: ugonjwa huanza kwa kawaida kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu dawa ianzwe, SCORTEN hupimwa mapema baada ya kulazwa, na ndani ya wiki chache inajulikana kama mgonjwa atapona. Urahisi huo una bei yake. Mgonjwa anaweza kuwasili usiku akiwa hawezi kufungua macho wala kumeza, ndugu zake wakiwa hawaelewi kwa nini kidonge cha hospitali kimemfikisha hapo, nawe unatakiwa kuomba ridhaa ya utafiti saa hiyo kabla tiba haijabadilisha kile unachotaka kukipima. Si kila mtafiti mzuri anaimudu kazi hiyo, na hakuna aibu kulijua hilo mapema.

Mahali nyanja zinapokutana

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo ningeiangalia kwanza kama ningekuwa naanza leo. Dawa zilizobadilisha saratani zimeleta athari zake zenyewe kwenye ngozi. Vemurafenibu iliwaletea takriban mgonjwa mmoja kati ya watano saratani ndogo za seli bapa, kwa sababu katika seli zisizo na badiliko la BRAF dawa hiyo huiamsha njia ileile inayokusudiwa kuizima. Kuiunganisha na dawa inayozuia MEK, protini nyingine ya njia hiyohiyo, kulipunguza tatizo hilo. Dawa za kuondoa breki za kinga huleta vipele vya kila namna, na kwa wachache hali inayofanana na ugonjwa wa Lyell, na mgonjwa anayepewa kizuizi cha BRAF baada ya dawa hizo huweza kupata athari kali zaidi ya kawaida. Upande wa pili, zipo dawa za kila siku zinazochangia saratani yenyewe: utafiti wa Denmark wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliotumia kiasi kikubwa cha haidroklorothiazaidi, dawa ya shinikizo la damu, kwa miaka walikuwa na uwezekano wa kupata saratani ya seli bapa karibu mara nne ya wasioitumia, na mwaka 2020 Marekani ikabadilisha maelezo ya dawa hiyo.

Mtu anayeelewa kinga ya uvimbe na kinga ya athari za dawa kwa pamoja ni nadra, na kliniki za saratani zinamhitaji, kwa kuwa mara kwa mara huulizwa kama mgonjwa mwenye vipele aendelee na dawa inayomponya au aiache. Kwa sasa jibu hutegemea zaidi uzoefu kuliko ushahidi.

Ningemshauri nani achague nini

Anayetaka timu kubwa, fedha za uhakika na njia ya kazi inayojulikana, na ambaye yuko tayari kusubiri majibu kwa miaka, saratani itamfaa. Anayependa takwimu za watu wengi na hoja za sera aende saratani pia, lakini upande wa ukaguzi na uchunguzi uliopitiliza. Anayevutiwa na jeni za kinga, famakolojia na usalama wa dawa, na anayeweza kufanya kazi na wagonjwa wachache kwa ushirikiano wa nchi nyingi, achague athari za dawa, hasa sasa ambapo swali la vizuizi vya JAK liko wazi. Mwenye miaka miwili tu ya ufadhili asiahidi jaribio la tiba katika uwanja wowote kati ya hizi mbili. Achukue kazi ya rejista au sampuli zilizokwisha kukusanywa.

Kabla hujasaini, omba kuonyeshwa sampuli hizo. Kwa saratani, uliza ni ngapi zina matokeo ya wagonjwa yaliyofuatiliwa kwa angalau miaka mitano, na ni nani mwenye haki ya kuzitumia, maana mara nyingi ni kampuni. Kwa athari za dawa, uliza kama utambuzi ulipitiwa na jopo au uliandikwa tu kwenye faili, kama kuna damu ya watu waliovumilia dawa ileile bila madhara, na sampuli zilichukuliwa siku ya ngapi ya ugonjwa. Ukijibiwa kwamba nyingi zilichukuliwa baada ya mgonjwa kuanza steroidi, swali lolote la kinga ya mwili utakalokuwa umeliandaa litabidi libadilishwe kabla hujaanza.